Mshipa Katika Jiwe la Bibi

Enzi zetu kule Iramba, upande wa Shelui, hakuna mtoto aliyeuliza unga umenunuliwa duka gani. Unga ulitoka mikononi mwa mama zetu. Tuliamka tukisikia jiwe likikwaruza juu ya jiwe, na harufu ya uwele mbichi imejaa nyumba nzima. Wajukuu zangu mashine ya kusaga ikinguruma wanaziba masikio, eti kelele.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa bingwa wa mawe. Alitupeleka mlimani kuchagua ya kusagia, akapasua kipande ili tuone ndani. "Tazameni chembe zake," alisema. "Zikiwa kubwa hivi zitamong'onyoka, mtakula mchanga. Zikiwa laini mno, uwele utateleza tu." Alitaka chembe za wastani, nyeusi na nyeupe, zilizoshikana barabara.

Lakini jiwe lake mwenyewe, alilorithi kwa mkwewe, lilikuwa na dosari. Mshipa mweupe, mwembamba, ulilikatiza ubavuni. Kila lilipolainika kwa kusagiwa, liligongwagongwa kwa jiwe gumu ili liparuze tena, kazi tuliyoiita kulitia meno. Sharti lilikuwa moja tu: mshipa usiguswe, maana hapo ndipo litakapopasukia.

Sasa, sisi watoto wa kule tulikua tukiwasikia wachimbaji wakisema dhahabu hukaa kwenye mshipa mweupe. Nilikuwa darasa la nne, najiona mjanja kupita wote. Siku moja nikaona vidoa vya manjano vinametameta katika mshipa wa jiwe la bibi. Kuanzia hapo sikuwa na raha. Moyoni nilishanunua viatu vyangu na baiskeli ya baba.

Mama mdogo Neema, mke wa baba mdogo, alikuwa na miezi michache tu tangu aolewe. Asubuhi moja alilitia jiwe meno kwa mara ya kwanza, bibi akimwelekeza, kisha wote wakaenda kuvuna. Mimi nilisingizia homa. Walipotokomea nikachukua nyundo na tindo ya babu, nikailenga kwenye mshipa, nikapiga mara tatu. Jiwe likaachana vipande viwili. Ndani mlikuwa na punje za manjano zenye pembe, zimepangana vizuri ajabu. Nikazigonga. Dhahabu ikigongwa hutandazika, hilo kila mtoto wa Shelui alilijua. Zile zilisagika zikawa vumbi jeusi lenye harufu ya kiberiti.

Nikavibana vipande pamoja, nikapangusa vumbi, nikarudi kitandani kuendelea na homa yangu.

Jioni mama mdogo alimwaga uwele, akasukuma mara moja tu, jiwe likafunguka mbele yake.

"Mama, mshipa sikuugusa," alisema huku amepiga magoti. "Haki ya Mungu, sikuugusa!"

Bibi hakufoka. Alivigeuza vile vipande, kisha akasema, "Nani mwingine amelishika leo?"

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Tulifundishwa kwamba mtoto haingilii maneno ya wakubwa, na siku hiyo niliyafuata mafunzo hayo kuliko siku zote. Tangu hapo mama mdogo alikwenda kusaga kwa jirani, na kina mama wa kijiji wakambatiza Mvunja Jiwe. Jina likamganda, kisimani, mnadani, hadi kanisani. Miaka ya mwanzo alikuwa akikataa na kulia. Baadaye akawa anaitika.

Leo mawe yote ya kule yanasagwa na makarasha, zile mashine za kuponda mawe, na vijana wanatafuta dhahabu kwa mashine zinazolia zikiigundua ardhini. Watu wa rika langu tunapenda kuwacheka, eti hawana siri, kila kosa lao wanalitangaza kwenye simu, wakati sisi tulilelewa tukawa na adabu. Wenzangu wakianza wimbo huo huwa naangalia chini. Adabu yangu mimi naijua, na naionea aibu hadi leo nikiwa na mvi.

Pasaka iliyopita tulikusanyika kwa mama mdogo. Mjukuu wake mmoja akauliza mbele ya watu, "Bibi, kwa nini wanakuita Mvunja Jiwe?"

Mama mdogo akacheka, akaninyooshea kidole. "Muulize shangazi yako, yeye alikuwepo. Nilikuwa mgeni, mwanangu, mkono haujazoea. Siku hizo nilibisha sana, lakini nadhani niliugusa kweli ule mshipa."

Watoto walikuwa wameshanisogelea, wananitazama, wanangoja. Nikakohoa kidogo, kisha nikawasimulia hadithi ile vilevile inavyosimuliwa siku zote, na pale jiwe linapofunguka wakacheka sana. Mama mdogo naye alicheka hadi akafuta machozi, halafu akaniwekea paja la kuku kwenye sahani yangu.