Chanjo Tano za Semeni

Semeni binti Sheha hakuwa mtu wa kuombwa jambo akalifanya kwa uso mkunjufu. Ukimwendea kuomba moto atakupa, lakini utaondoka na maneno yako mawili matatu mgongoni. Watu wa Mavumbini, kitongoji kidogo kusini ya Tongoni, walisema ulimi wake una upupu. Hakuna aliyejiuliza upupu ule ameupata wapi.

Aliupata nyumbani kwake. Miaka kumi na minane alikuwa mke wa Mbaruku, mnunuzi wa mbata, zile nazi kavu. Udongo wa nyumba yao aliukanda kwa miguu yake, maji ya kukandia aliyateka yeye, na boriti zilipopanda ni yeye aliyewapikia mafundi. Nyumba ikaisha. Chokaa haijakauka vizuri, Mbaruku akampa talaka yake na kumwingiza Asmahani, msichana wa miaka ishirini. Wazee walikaa, wakanywa kahawa, wakasema kiwanja ni cha mume. Basi. Semeni alitoka na sufuria moja, mkeka na kinu, akahamia chumba cha uani kwa Batulbai, mke wa mwenye duka. Akawa anachagua mchele, anatwanga, anasuka ukili wa mikeka, na kila anayepita anapata lake.

Mwaka wake wa pili pale uani, mwaka wa hamsini na sita, ndui ikaingia kambi za mkonge upande wa Pongwe.

Akida Idarusi, mkubwa wa serikali pale kijijini, hakungoja kuambiwa mara mbili. Utotoni mwake aliiona ndui ikifagia nyumba ya baba yake. Katika watu tisa walibaki yeye na shangazi. Siku ileile aliyopata habari alifunga kamba njiani na kuweka walinzi wawili. Akazuia ngoma. Akawajengesha vijana banda la wagonjwa kule mwisho wa minazi, mbali na visima, na kabla vijiji vingine havijajua waanzie wapi yeye alikwisha kwenda mjini kumwomba Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, ampe mchanjaji.

"Nataka ije itukute tumejifunga vibwebwe," aliwaambia watu barazani. "Kila aliyechanjwa atapewa cheti. Nyumba ambayo haijatimiza vyeti vya watu wake wote, wake kwa waume, mwanamume wake hapiti kambani. Si kwa mbata, si kwa samaki, si kwa mazishi ya mamaye."

Mpango ulikuwa mzuri, na Semeni mwenyewe, asiyesifu kitu, alikiri hivyo. Lakini meza ya mchanjaji iliwekwa hapohapo barazani, hatua kumi kutoka walipokaa wazee na buli lao la kahawa. Mchanjaji alikuwa kijana wa Kibondei kutoka Muheza, jina lake Ernesti. Na wanawake wa Mavumbini ni watu wa buibui. Mwanamke anayefunika uso asionwe na shemeji yake, leo apandishe mkono hadi begani, ashikwe na kijana mgeni, na baba mkwe anatazama? Waume walivitaka vyeti. Mikono ya wake zao hawakutaka itoke.

Ernesti naye aliambiwa mjini kwamba huko pwani asithubutu kumwangalia mwanamke usoni. Alikuwa kijana wa adabu, akalishika hilo mno. Mwanamke akija alitazama meza. Anauliza jina, anaandika, anapaka dawa, anakwaruza kwa sindano, anatoa cheti, macho chini kama bwana harusi.

Jambo hilo Semeni aliliona siku ya kwanza, alipokwenda kuchanjwa chanjo yake. Yeye hakuwa na mume wa kumzuia. Alasiri ileile mke mmoja wa jirani akaja uani kwa Batulbai, akiwa na pishi ya mchele chini ya buibui.

"Bi Semeni, wewe huna aibu," alianza.

"Ndiyo salamu hiyo?"

"Nina maana huna mtu wa kukusema. Nenda ukanichanjie. Utataja jina langu, basi."

Semeni aliutazama mchele, akaona ni mweupe. Akaenda. Mkono wa kushoto ulikuwa umekwisha, akatoa wa kulia. Kesho yake wakaja wengine wawili kwa siri, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Akatoa kushoto tena, chini kidogo. Akatoa kulia, chini kidogo. Kila mara alibadili buibui na sauti. Ernesti aliandika.

Siku ya tatu aliitwa na Asmahani.

Asmahani alikuwa amejifungua, yumo ndani ya arobaini yake, hatoki hata uani. Alisema kupitia dirisha, na Semeni alisimama nje ya nyumba aliyoikanda kwa miguu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Leo nimekuwa dada?"

"Mbaruku anataka kupeleka mbata Tanga. Bila cheti changu hapiti. Na kutoka siwezi, nawe wajua." Akapitisha doti ya kanga dirishani, mpya, bado ina gundi. "Amesema nikuombe wewe."

"Amesema yeye? Mume umenichukulia, na chanjo sasa nikuchukulie mimi?"

Mtoto alilia ndani. Semeni akaipokea ile kanga, akaikunja kwapani, akaenda kutoa mkono wa kushoto karibu na kiwiko. Hiyo ikawa ya tano.

Jioni Ernesti alifunga sanduku lake. Akida alihesabu: wanawake sabini na wawili, vyeti sabini na viwili. Bwana Shauri alikuja kwa gari, akamshika mkono mbele ya watu na kusema kijiji hiki ndicho cha kwanza kutimia. Mbaruku akapita kambani na mbata zake. Semeni akalala na homa siku tatu, mikono imevimba kama miguu ya kitanda, na Batulbai akimletea uji.

"Wote wanapata kidonda kimoja," Batulbai alisema, akiitazama mikono ile. "Wewe umepata vitano. Dawa imekupenda sana, Semeni?"

"Nina damu tamu."

Mtu wa duka anajua mzigo uliofunguliwa ukafungwa tena. Lakini Batulbai alimsogezea uji tu.

Siku ya tisa tangu Ernesti aondoke, mkata mkonge mmoja aitwaye Fanueli, aliyetoroka kambi ya Pongwe kabla haijafungwa na kupita mikokoni kwa kukwepa kamba, alikutwa amelala katika kibanda cha mbata cha Mbaruku. Kibanda kile kimeegemea ukuta wa nyumba. Ukikohoa huku unasikika kule. Uso wake wote ulikuwa malengelenge.

Watu walipiga kelele wakataka kukimbia. Akida akawatuliza, na Semeni, aliyesimama ukutani kwa duka, akasogea asikie vizuri.

"Hakuna wa kukimbia," Akida alisema. "Tulijitayarisha kwa siku kama hii. Mgonjwa huyu tukimbeba mpaka banda la kule atakufa njiani, na sisi hatuna haja ya kumwua. Sote tumechanjwa. Abaki hapohapo. Nyumba za karibu zitampikia na kumfulia kwa zamu." Akafungua daftari, akawasoma wanawake kwa majina. Katika majina sita ya kwanza, matatu Semeni aliyajua kwa mikono yake mwenyewe. Na ukuta kwa ukuta na mgonjwa alikuwa Asmahani na mtoto wa siku ishirini na tisa, mume hayupo.

Aliwatazama wale watatu. Walisimama na buibui zao, kila mmoja akingoja mwingine aseme. Kusema ni kumwaibisha mume. Na Akida alikwisha tangaza kwamba mwenye kudanganya kwa cheti atafungwa miezi sita.

Semeni akarudi uani, akakaa mbele ya ungo wa mchele. Akachagua punje kumi, kumi na tano. Moyo ulimwambia: waache. Nani alikusemea wewe siku ile ya kahawa? Asmahani alifungua mdomo? Hata mmoja wa wale alikuja kukubebea kinu? Yalikuwa maneno ya kweli yote. Lakini kila akitaka kushika punje nyingine, alikisikia kile kilio cha mtoto dirishani. Akauacha ungo, akaenda mpaka kwenye lile dirisha.

"Asmahani! Mwambie Akida hukuchanjwa."

"Siwezi, dada. Mbaruku ataniacha."

"Kuachwa hakuui. Nitazame mimi, nimekufa?"

Asmahani akaanza kulia. "Nenda wewe useme."

"Nikafungwe mimi, ukae wewe nyumbani kwangu?"

"Ndiyo," Asmahani alisema kwa kwikwi, hakuwa na akili ya kuficha neno. "Mtoto huyu ana kosa gani?"

Semeni akamtukana, tusi zito tusiloweza kuliandika hapa, kisha akageuka akaenda barazani.

Wazee walikuwa bado wamekaa. Mwanamke hapandi baraza ile bila kuitwa. Yeye alipanda. Akavua buibui likaanguka miguuni, akapandisha mikono ya gauni mpaka mabegani, akasimama mbele ya Akida na vidonda vyake vitano, vingine vimekauka, vingine vina usaha.

"Shikamoo, Akida. Hesabu."

Mzee mmoja alifunika uso. "Mwanamke huyu kaingiwa na nini? Jisitiri!"

"Mmenywa kahawa mbele ya mambo yangu makubwa kuliko mkono. Leo tazameni mkono."

Akida alitazama. Alihesabu polepole, midomo ikicheza, na alipofika tano akarudi akahesabu tena.

"Wanne hao ni kina nani?"

"Sisemi. Nikiwataja, waume zao watawafungia ndani leo hii, na hamtawapata mpaka mnawaosha maiti. Leta mwanamke mwenye sindano. Tafuta chumba chenye mlango. Nyinyi wote muondoke hapa na buli lenu. Watakuja kwa miguu yao."

"Wajua kama naweza kukufunga?"

"Najua. Nifunge baadaye. Sindano kwanza."

Akida Idarusi alisifiwa mbele ya watu, alishikwa mkono na Bwana Shauri. Kijiji kilichotimia kilikuwa chake. Angeweza kusema mwanamke huyu ana wazimu, na nusu ya baraza ingemuunga mkono. Alikaa na daftari magotini. Labda alimkumbuka shangazi yake. Kisha akaomba kalamu.

Aliandika mbele yao, akisoma kwa sauti kila neno: hesabu niliyokuletea si ya kweli, kosa ni langu, niliweka meza mahali ambapo wanawake wasingeweza kufika, nahitaji mwanamke wa kuchanja, leo, si kesho. Mwenye baiskeli akaondoka na barua. Akida akaamuru zamu zivunjwe. Mtu mmoja mzima aliyewahi kuugua ndui zamani apewe kazi ya kumwuguza Fanueli, na watu wanne wambebe kwa machela mpaka banda lililojengwa kwa ajili yake, wamchukue polepole. Fanueli hakufa njiani.

Asubuhi gari likamleta nesi, mama wa makamo aitwaye Yudith, mwenye sauti kubwa na mikono myepesi. Batulbai alitoa chumba chake cha ndani, akatandika shuka safi na kuchoma udi. Ernesti aliachwa nje uani na sanduku lake, ameupa mlango mgongo.

"Wako wanne, siyo?" Yudith alimwuliza Semeni.

"Watatu hapa. Wa nne yuko kwenye arobaini, utamfuata na mwanawe."

Walikuja watatu. Kisha wakaja wengine watano. Kisha viatu vikajaa mlangoni hadi Batulbai akaanza kuvipanga. Kumbe si Semeni peke yake: mmoja alimtuma yaya, mwingine mama yake mzee, wengine walitumia mkono mmoja nyumba nzima. Kufika adhuhuri walikuwa kumi na tisa, wanacheka na kutaniana humo ndani kama wamo kwenye singo, wanampaka bibi harusi manukato.

"Ernesti, baba," Yudith aliita kupitia mlango, "ulichanja watu au mabuibui?"

"Nilichanja mikono, mama," Ernesti alijibu kwa huzuni. "Niliambiwa nisitazame zaidi."

Akida alikuja kuuliza hesabu, akasimama mbali. Macho yake yakatua kwenye vile viatu. Makubazi mekundu aliyomnunulia mkewe Pemba mwaka uliopita yalikuwa ya tatu kutoka mlangoni. Alikohoa, akasema atarudi baadaye. Neno la miezi sita halikusikika tena Mavumbini.

Ilibaki kungoja. Yudith alisema zikipita siku kumi na sita bila mgonjwa mpya wamesalimika, na siku hizo Semeni hakumtukana mtu, jambo lililowatia watu hofu kuliko ndui. Kila asubuhi alipita nyuma ya nyumba ile kusikiliza. Akisikia mtoto analia, anaendelea na safari yake. Siku moja hakusikia kitu, akasimama mpaka jua likamchoma utosi, kisha kilio kikaanza, kikali, cha njaa, naye akakaa chini palepale kwenye mchanga.

Ndui haikumpata mtu wa pili. Fanueli alipona, uso umetoboka lakini macho mazima, na siku ya kumi na sita alitoka bandani akitembelea fimbo. Siku hiyo Yudith alizunguka nyumba zote kukagua mikono, na Akida alikwenda naye, akingoja nje kila mlango. Alipokutana na Semeni njiani alisimama.

"Hakuna mwingine," alisema. "Hata mmoja, Bi Semeni."

"Alhamdulillahi," Semeni alisema.

Alipofika kwenye nyumba ile, Asmahani alikuwa amesimama dirishani, mtoto begani. Akapandisha mkono wa gauni, akautoa nje kwenye jua. Kigaga kilikuwa cheusi, kimekauka vizuri.

"Kimeshika, dada. Na cha mtoto kimeshika."

Semeni alisogea akakitazama kwa karibu, akaubonyeza kidogo ukingo wake kwa kidole.

"Usikikune," alisema. "Kiache kianguke chenyewe."