Pale Uani Palipochimbwa Mara Mbili

Kuna asubuhi moja hainitoki kichwani, mwanangu, na kila nikisikia choo cha nyumba fulani kimeziba, inanirudia yote. Usicheke. Wenzangu wanakumbuka harusi na Idi za zamani, mimi nakumbuka bomba la maji machafu. Nisikilize kwanza, utacheka baadaye ukitaka.

Nyumba yetu ilikuwa hapahapa Temeke, nyumba ya ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Baba aliijenga kidogo kidogo, akisimama na mafundi mwenyewe. Bomba la kutoka chooni na bafuni alilipitisha chini ya ua mpaka kwenye shimo, kule mwisho kabisa. Linapita wapi hasa, alikuwa akijua yeye peke yake. Sisi watoto tulijua kumwaga maji tu.

Kisha baba akafariki. Tulimwosha nyumbani, palepale uani, kama wazee wetu walivyozoea. Siku hizi wengi wenu hamjui: maiti akioshwa nyumbani, chini ya kitanda huchimbwa shimo ambalo tunaliita ufuo, ili maji ya kumwoshea yaingie ardhini yasikanyagwe na watu. Baadaye hufukiwa. Kaka yangu Shabani ndiye aliyelichimba, tena mbiombio, maana jua lilikuwa linapanda na watu wameshajaa barazani wanangoja kuzika.

Mama alipotoka eda, akaanza kutandika mkeka wake mahali palepale, juu ya ufuo. Asubuhi anachambua mchele, alasiri anavuta tasbihi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Sisi watoto wake tukaelewa wenyewe kwamba pale ndipo anapokaa na baba, na watoto wa wapangaji wakipachezea tunawafukuza. Mimi ndiye niliyekuwa mkali kuliko wote. Nilikuwa nimempenda baba kupita kiasi, mwanangu, na nilikuwa bado msichana, sijui msiba unawekwa wapi. Nikimwona mama pale kwenye mkeka nilikuwa najiambia angalau kuna mahali baba yupo.

Haukupita muda mrefu, choo kikaanza vituko. Mwanzo maji yalikuwa yanashuka kwa uvivu, tukasema ni masika, ardhi imeshiba. Halafu yakawa yanapanda bafuni, na uchafu wake. Tukamwita kijana wa mtaani mwenye nondo. Akachokoachokoa, akamwaga dawa iliyotoa moshi mpaka tukakohoa, akaondoka akijisifu. Kesho yake yakapanda tena, na harufu imezidi. Mpangaji wa chumba cha mbele akahama. Mama yangu, mtu mzima yule, akawa anajifunika kanga na kuvuka barabara kwenda kuomba choo kwa jirani. Hilo liliniuma sana.

Shabani wakati huo ameshajenga Kimara. Akaja Ijumaa moja baada ya swala, akala wali wake, akanawa, ndipo akalitoa neno lake. "Mama, hii nyumba imechoka. Twende zetu Kimara, kule una chumba chako na choo chako. Hapa tupauze." Mama alikuwa anachambua mchele, na mikono yake ikasimama kwenye ungo. Alizaliwa mtaa wa pili kutoka pale, akaolewa pale, na wanawake wote aliokuwa akizikana nao na kuchezeana ngoma walikuwa pale. Kumpeleka Kimara ilikuwa kumng'oa. Nikamwomba kaka tuite kwanza fundi wa kweli, mtu ambaye kuzibua ndiyo kazi yake. Akakubali kwa sharti kwamba fundi akishindwa, mama anahamia kwake.

Basi ndiyo ikawa asubuhi ninayokusimulia. Fundi Damiani alikuwa mtu wa Masasi, mpole, hana haraka. Hakuanza kwa kuchokoa. Aliuliza choo kiko wapi, shimo liko wapi, na nani anajua njia ya bomba. Akafunua shimo, akachungulia, akasema, "Huku maji hayafiki. Yanakwama njiani." Akaingiza waya wake mrefu wa chuma kutokea chooni, ukaenda, ukaenda, ukagoma. Akauchomoa na kuulaza juu ya ardhi kufuata njia ileile. Ncha yake ikaangukia kwenye mkeka wa mama.

"Ni hapa," akasema. "Limejaa udongo. Waya hauwezi, itabidi tufukue."

Nikapanda juu ya mkeka nikasimama. "Hapa hapachimbwi!"

Yule bwana akanitazama asielewe. Yeye Mkristo, mambo ya ufuo hakuyajua, ikabidi nimweleze. Akavua kofia yake. "Poleni sana, dada yangu." Nikamuuliza kama hawezi kulizungusha bomba kwingine. Akaonyesha kwa mkono: upande mmoja msingi wa nyumba, upande wa pili ukuta wa jirani. Njia nyingine hakuna.

"Basi imekwisha," Shabani akasema. "Tukichimba hapo tutamuua mama kwa majonzi. Anakwenda Kimara."

"Ukimpeleka Kimara ndiyo utamuua!" nikamjibu.

Tukaanza kuzozana, mimi na kaka yangu, mbele ya mgeni. Huyu anasema mama hawezi hiki, yule anasema mama hatakubali kile. Mwishowe fundi akakohoa kidogo. "Samahanini, jamani. Nyumba hii ya nani?"

"Ya mama."

"Na mama mwenyewe yuko wapi?"

Mama alikuwa jikoni, mlango wazi, anakuna nazi. Fundi Damiani akaenda akasimama mlangoni kwa adabu. "Shikamoo, mama. Nilikuwa naomba ruhusa, nichimbe pale unapokaaga."

"Marahaba, baba." Mama akatoka anafuta mikono kwenye kanga. Hakumtazama fundi, alitutazama sisi. "Nimewasikia tangu mlipoanza. Mnaniamulia mambo utadhani mie ndiye niliyekufa. Aliyekufa ni baba yenu. Mie nipo, masikio ninayo, na choo nakihitaji kuliko nyie wote."

"Lakini mama," nikasema, "pale si ndipo..."

"Pale pana kivuli asubuhi na jioni pana upepo, Zuhura. Ndiyo maana nakaaga pale. Baba yenu mie simkumbukii pale." Akainama, akaukunja mkeka wake, akaubana kwapani. "Haya, chimbeni. Mie kwangu sihami."

Shabani akavua shati. Akamwambia fundi kwamba mara ya kwanza alichimba yeye, na mara hii pia atachimba yeye. Udongo ulikuwa laini, haukumsumbua. Alipofika kwenye bomba, lile la udongo wa kuchoma la zamani, fundi akashuka akalifuta kwa kiganja. Juu yake palikuwa na tundu, na ndani limeshindiliwa mchanga. "Hili limepigwa jembe," akasema taratibu, wala hakuwa akimlaumu mtu.

Nikamwona kaka yangu anabadilika uso. Alikumbuka. Siku ile ya msiba jembe liligonga kitu kigumu, akadhani jiwe, akaendelea kwa sababu watu walikuwa wanangoja. Akakaa ukingoni mwa shimo na matope yake, akalia kwa sauti, mwanamume mzima mwenye watoto. Wakati wa mazishi hakulia. Alikuwa mkubwa wetu, alipokea watu, akashuka kaburini, akasimamia chakula, na machozi yake yakabaki hayana zamu. Mama akachuchumaa akamkumbatia kichwa. "Ulikuwa unamwahishia baba yako, mwanangu. Nani wa kukulaumu?" Fundi akajifanya anatafuta kitu kwenye mfuko wake wa vifaa, akakitafuta kwa muda mrefu.

Kabla ya adhuhuri kipande kipya kilikuwa kimefungwa. Tukamwaga maji chooni, tukayasikia yanakwenda, na kule shimoni yakaanguka. Sijawahi kufurahia sauti ya maji machafu kama siku ile! Fundi akatujengea na chemba yenye mfuniko, ya kuchungulia bomba likiziba tena, akatuonya tusimwage mafuta wala matambaa. Mama hakuhama. Alikaa Temeke kwake miaka mingi, mpaka Mwenyezi Mungu alipomchukua akiwa kitandani kwake.

Sasa nisikilize, kwa sababu hapa ndipo ninapoumia. Mama alisema baba hamkumbukii pale. Lilibaki swali moja dogo tu la kumuuliza: wapi, basi? Sikumuuliza. Siku ile kaka alikuwa analia na mimi nilikuwa natafuta ndoo. Kesho yake kulikuwa na nguo za kufua. Miaka ikapita tunakula sinia moja, tunalala chumba kimoja, na kila siku ilikuwa siku ya kumuuliza, nami nikidhani mama yupo tu, haendi popote.

Leo nyumba nimeachiwa mimi. Nikibaki peke yangu naizunguka. Nashika komeo la mlango wa mbele, ambalo baba alilifungua kila alfajiri akienda msikitini, nasema labda ni hapa. Nakaa jikoni, nakumbuka alivyokuwa akiingia kuonja mchuzi na kufukuzwa, nasema labda ni hapa. Sijui. Nina hamu nao, mwanangu. Nina hamu na baba, na zaidi nina hamu na mama, maana yeye alinifungulia mlango nami sikuingia.

Kwa hiyo chukua haya kutoka kwangu. Maji ya nyumba yako yakianza kushuka kwa uvivu, usisingizie mvua na usimwite mwenye nondo. Mwite fundi wa kazi hiyo mapema, na umwonyeshe mwenye nyumba ili aongee naye. Nyumba ikiwa na mfiwa, usijifanye unajua uchungu wake umekaa wapi. Muulize. Akikwambia "si hapo," usiridhike ukaondoka. Vuta kigoda, acha hizo nguo ziloane, umuulize ni wapi, halafu ukae mpaka amalize kukwambia.

Bibi yako mzaa baba bado yu hai, na simu unayo hapo mkononi. Nenda kwake leo. Mungu akukutanishe naye akiwa mzima, na akili zake, na hamu ya kuzungumza. Akujalie wazee wako wakae nawe mpaka maswali yakuishie. Amina.