Likizo ya Mtunza Bustani
"Gugu likisikia nyayo zangu linajing'oa lenyewe," mtunza bustani alijigamba mbele ya ofisi nzima, akiaga kwenda kujitolea kung'oa magugu msituni. Siku ya kwanza, mikono yake, ambayo hupangusa kila mzizi kwa dole gumba kama anayemfuta mtoto kamasi, iling'oa mimea arobaini kabla ya chai. Mlinzi wa msitu, mwanamama asiye na haraka, akachuchumaa.

"Kaka, hii ndiyo miche tunayoilinda."

Hakumfokea. Alimimina maji yake ya kunywa kwenye mizizi, wakaipanda upya pamoja. Kila jioni bwana yule alirudi kuinyeshea, akiinong'oneza, "Niwieni radhi, wakubwa." Ilishika thelathini na minane.

"Asante kwa kunisitiri, dada," alisema akiondoka.

Njiani alinunua kitabu cha majina ya mimea. Kilikuwa na majina elfu mbili.