Walimuua Galgalo Akipiga Picha za Nyota

Nimeandika "alikuwa" mara tatu, na mara tatu nikafuta. Mkono unakataa. Galgalo wetu ameuawa, jamani. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Wengi wenu mlimjua kwa ile picha moja iliyoshinda shindano ng'ambo. Mimi nilimjua kama jamaa wa meza ya pili kwenye studio yetu hapa Garsen, miaka saba, tukipiga pasipoti na harusi.

Siku ya kwanza aliingia na vumbi la ng'ombe mpaka kwenye nyusi. Mtoto wa wafugaji, hajawahi kushika kamera. Akamuuliza boss, "Hii inaweza kuona usiku?" Boss akacheka. Na mimi nikacheka.

Kamera yake ya kwanza ilikuwa ya mtumba, ina ufa kwenye kioo cha nyuma. Tripodi ilikuwa imevunjika mguu mmoja, akaufunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Hiyo hiyo ndiyo aliyoshindia.

Mafuriko yalipofunika mashamba kule Ndera, tulitumwa na client kupiga picha za nyumba zilizozama. Kazi ikaisha, Galgalo akabaki. Amesimama ndani ya maji mpaka mapajani, kamera juu ya kipande cha ukuta, anafungua lenzi sekunde ishirini, tena, na tena. Kiboko akakoroma karibu.

Nikapiga kelele, "Toka huko, utauawa!"

Hata hakugeuka. "Usitikise maji, Bakari. Nyota zinavunjika."

Alipiga mia na kitu, akaziunganisha kwenye laptop ya ofisi wiki nzima mpaka boss akaanza nyimbo zake za deadline. Nyota juu, nyota chini ndani ya maji, na katikati bati la paa la mtu.

Barua pepe ya ushindi ilipoingia alinikamata shati akanitikisa. "Soma tena! Soma jina!" Tulipiga makelele mpaka mteja aliyekuwa kwenye stuli akatoka mbio. Wallahi tena.

Zawadi yake ilikuwa mashine ndogo ya kufungwa juu ya tripodi. Inazungusha kamera polepole ikifuata mwendo wa anga, ili nyota zitoke nukta, zisitoke mistari. Ina taa nyekundu na inanguruma kidogo. Aliibeba kifuani kama mtoto mchanga.

Sasa niseme lililotokea, maana kwenye comments mnaandika mengi na mengine si kweli.

Jumamosi tulikwenda uwandani kwa pikipiki yangu, mbali na taa za mji. Wiki hiyo ng'ombe walikuwa wameibwa na mtu mmoja kupigwa risasi, kwa hiyo watu walikuwa wakilinda kwa zamu. Tulimwarifu mzee wa kijiji cha karibu, akaturuhusu. Habari haikuwafikia walinzi.

Walitokea kama kumi hivi, na tochi, na mapanga. Mmoja akaona ile taa nyekundu. "Bomu! Wana bomu hawa!"

Galgalo akainua mikono. "Ni kamera, ndugu zangu. Njooni muangalie." Alikuwa anatabasamu. Alidhani wakiangalia tu, wataelewa.

Rungu la kwanza lilimpata mdomoni. Nilisikia meno. Panga likashuka begani, akaangukia mashine yake akaikumbatia. Wakamng'oa. Wakachukua tripodi wakampiga nayo kichwani mpaka chuma kikapinda.

Mimi nilikimbia.

Nasema hapa hadharani kwa sababu mnaniita shujaa. Sikurusha hata jiwe. Nilijitupa kwenye mtaro nikalala kifudifudi, nahesabu mapigo, mpaka sauti moja ikasema, "Ngojeni. Ngojeni! Humu kwenye kamera mna nyota tu."

Kisha wakatawanyika mbio.

Nilirudi nikitambaa. Alikuwa bado anapumua. Nikamfunga mgongoni kwa shuka, nikawasha pikipiki. Hatujafika lami, kichwa chake kikalegea shingoni mwangu.

Mmoja wao namjua. Harusi yake tulipiga mimi na Galgalo.

Baada ya maziko vijana wapatao thelathini walinizunguka nje ya nyumba ya mamake, sime ziko viunoni. "Jina tu, Bakari. Moja tu. Mengine tuachie sisi." Na mimi nilitaka, Mungu anisamehe. Nilishafungua mdomo.

Mamake akatoka ndani, akapita katikati yao, akanishika mkono.

"Ukiwapa hawa jina, kesho kuna mama mwingine atalia kama mimi," akasema. "Lipeleke polisi. Uandikishe, utie sahihi. Mtu mwingine usimpe."

Nilimwambia kwamba nilikimbia. Aliuachia mkono wangu. Kisha akasema, "Ulirudi." Mpaka leo sijui kama amenisamehe au alinihurumia tu.

Jumatatu niliandikisha taarifa. Yule mtu amekamatwa, pamoja na wenzake wawili. Kwa hiyo ninyi mnaonijia inbox kuulizia jina na kijiji, acheni. Please. Anayetaka kulipiza kisasi kwa ajili ya Galgalo, aende kwanza akamtazame mamake usoni, amwambie yeye.

Galgalo, nitaitwa mahakamani. Nitasimama mbele ya mtu yule nimtaje jina, na nitasema pia kwamba nilikuacha chini ukipigwa. Yote mawili nitayasema kwa sauti.

Mola akupanulie kaburi akutilie nuru. Lala, ndugu yangu, lala kwa amani yake.