Siku Niliyomkumbatia Mama Mkwe Katikati ya Barafu

Nawasimulia nyinyi kwa sababu ile video wengi wenu mmeshaiona, na najua mmenicheka nikishawapa mgongo, kwa hiyo afadhali mcheke mkiwa mnajua yote. Yule mtu mnayemwona katikati ya barafu, amepiga magoti, mikono imemzunguka kiunoni mama mwenye kitambaa cha kijani kichwani, uso umezama kwenye mkoba wa yule mama, ni mimi, Kariuki wa Timau, na mama mwenyewe ni mama mkwe wangu. Sikuwa nimefiwa, kama wengine mlivyodhani, wala sikuwa naombewa. Niliogopa tu. Niliogopa siku ile tangu nilipoamka, na barafu ilikuwa sehemu ndogo ya uoga wangu.

Acha nianze mahali panapofaa. Mwaka jana mwezi wa Julai mimi na Wambui tulikuwa tumeshaelewana, na mwezi uliofuata wazee wangu walikuwa waende kwao Gakindu kwa ruracio, ile ya kupeleka mahari. Sasa mimi nina mtoto wa kike, wakati ule alikuwa na miaka minne, anaishi Nanyuki na mama yake, na yote hayo ni mambo ya kabla sijamjua Wambui. Wambui nilimwambia mwezi wa kwanza tu wa kujuana, akanuna siku mbili, yakaisha. Mama yake ndiye hakujua. Na mama yake si mtu wa kufichwa kitu, maana mumewe alifariki zamani, amelea watoto peke yake kwa kahawa ya mlimani kule, na neno lake nyumbani ndilo neno. Dada mkubwa wa Wambui aliwahi kuleta mchumba, na kumbe jamaa ana bibi Nairobi, na mama aliposikia aliwarudisha wazee wa watu langoni na kreti zao za soda, hawajakanyaga hata nyasi. Hiyo hadithi nilisimuliwa mara tatu na watu watatu tofauti.

Kwa hiyo Wambui akaniwekea sharti. "Utamwambia wewe mwenyewe, kwa mdomo yako, kabla ya ruracio. Akisikia kwa mtu mwingine, mimi sitakutetea."

Jumamosi moja mama akashuka Nyeri kununua vitu vyake, Wambui akaja kutoka mtaa wa Skuta anakoishi, mimi nikatoka Timau na gari la asubuhi, tukakutana kwenye hoteli moja juu ya ghorofa, tukaagiza githeri na chai. Baridi ya Julai mnaijua, ule ukungu unaoingia mpaka ndani ya soksi. Mimi kazi yangu ni chumba cha baridi cha shamba la maua, nashinda humo nikipanga waridi kwenye ndoo, baridi hainitishi, lakini siku hiyo niliagiza chai ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza. Wambui akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikaongeza sukari. Akanikanyaga tena. Halafu akafanya jambo ambalo sijamsamehe mpaka leo, akainuka akasema anaenda kunawa mikono (na alikuwa ameshanawa), akamwambia mama, "Kariuki yuko na kitu anataka kukuambia," akaenda zake.

Mama akaweka kijiko chini. Akaniangalia. Ana macho ya kukagua, kama anachagua buni mbichi kutoka kwenye zilizoiva.

"Haya, sema. Ni nini?"

Nikaangalia dirishani, na kule chini, kwenye uwanja, kulikuwa na lile hema jeupe kubwa walilokuwa wameleta watu wa kutoka Nairobi kwa sherehe za majira ya baridi, lenye bango la picha ya Wazungu wamevaa skafu wakiteleza kwenye barafu. (Mji mzima ulikuwa unacheka kwamba sisi tunaoamka na umande wa kugandisha vidole bure kabisa, sasa tumeletewa baridi ya kulipia kiingilio. Lakini foleni ilikuwa imezunguka uwanja.) Nami, badala ya kusema niko na mtoto, maneno matatu tu, nikasema, "Nilitaka kukupeleka pale, mama. Kwa barafu."

Akageuka akatazama. Nilitegemea akatae. Mama wa umri ule, na mwaka mmoja nyuma alianguka kwenye mteremko wa shamba akavunjika nyonga, akawekewa chuma. Nilijua atakataa, tucheke, siku ipite.

"Na hiyo kitu wewe unaijua?" akauliza.

"Naijua, mama. Nilijifunza Nairobi."

Sikuwa nimewahi kuona barafu kubwa kuliko ya ndoo ya samaki sokoni. Na mama akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akachukua mkoba wake, akasema, "Basi twende. Ati mtu azeeke bila kuona?"

Wambui aliporudi alitukuta tumesimama. Akaniangalia usoni akajua sijasema, na njia nzima mpaka uwanjani, na kwenye foleni, hakuniongelesha.

Ndani ya hema kulikuwa na muziki, na akina mama wanauza uji moto na mahindi ya kuchoma, na watoto wa shule fulani wamevaa kofia za sufu wanaimba, palikuwa pamechangamka kweli, na mimi nilikuwa naona kila kitu kwa mbali, kama mtu anayepelekwa kuchomwa sindano. Halafu mama akapunga mkono upande wa pili. "Angalia, si ni Mama Njoki na watu wa kanisa!" Wanawake saba wa kanisa lake, wamekuja na chama chao kutembea, wote Gakindu, wote na simu. Mama Njoki ni jirani yake, na anachojua Mama Njoki saa nne, Mukurweini nzima inajua saa sita.

Nikasema labda tuangalie tu, kuna watu wengi. Hapo akaja dada mmoja mfanyakazi wa pale mwenye jaketi jekundu, akaeleza kwamba wazee na wasiojua wanakaa kwenye kiti, kiti chenyewe kina vyuma viwili virefu chini vya kuteleza, halafu mtu anayejua anasukuma kwa nyuma. "Hapa nani anajua?"

Mama akanionyesha kwa kidole. "Huyu anajua. Alijifunza Nairobi." Alisema kwa sauti, watu wa kanisa wasikie. Alikuwa anajivunia mimi, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote.

Nikavaa vile viatu vyenye chuma kama kisu chini yake. Wambui aliinama kunifunga kamba akanong'ona, "Kariuki, unajua hii kitu?" Nikatikisa kichwa kwamba sijui. Akafungua mdomo, lakini mama alikuwa ameshaketi, koti limefungwa mpaka shingoni, mkoba mapajani, na dada wa jaketi jekundu ameshafungua lango dogo. Ningeweza kusema pale pale. Lango lilikuwa wazi, waliokuwa karibu kunisikia walikuwa wachache, aibu ingekuwa ya dakika moja. Nikashika kiti nikasukuma.

Mita kumi za kwanza, niaminini, zilienda vizuri, kwa sababu kiti ndicho kilichokuwa kinanishikilia mimi. Mama alikuwa anapunga mkono kama gavana. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi na kuwaza chuma kilicho kwenye nyonga yake. Nikiangusha huyu mama, nikawaza, ruracio haiko, Wambui hayuko, na pengine jela iko. Halafu nikagundua kitu ambacho ningepaswa kukiuliza mapema, kwamba sijui kusimamisha. Kiti kilikuwa kinaongeza mwendo. Mstari wa watoto wa shule wameshikana mikono ukakatiza mbele yetu, nikavuta kiti kwa nguvu upande mmoja, kikazunguka chote, miguu yangu ikaenda kila mmoja njia yake, na nilipojua niko wapi nilikuwa mbele ya kiti badala ya nyuma, nimepiga magoti, nimemkumbatia mama kiunoni, na tunarudi kinyumenyume polepole kuelekea katikati.

Kwetu mama mkwe humkumbatii. Unamsalimia kwa mkono, unarudi hatua nyuma, ukimkuta jikoni unasubiri nje, na chumba chake cha kulala hata mlango huutazami. Hayo yote nimefundishwa na mama yangu nikiwa mdogo. Na sasa kichwa changu kilikuwa kwenye mapaja ya mama mkwe, nasikia harufu ya mafuta yake ya mgongo, mbele ya kanisa.

Kiti kikasimama katikati kabisa. Nikajaribu kuinuka, miguu ikakimbia, nikashika kwa nguvu zaidi. Nikajaribu tena, kiti kikainuka upande mmoja, mama akashtuka akasema "Ũũi." Sikujaribu tena. Kicheko kilianza upande wa uji kikazunguka hema lote, kisha kwa upande wa watu wa kanisa kukawa kimya, na hicho kimya kilinitisha kuliko kicheko.

"Kariuki," mama akasema chini chini, "wachilia mimi."

"Siwezi, mama."

"Watu wanaona. Wachilia."

"Nikiwachilia nitaanguka, na kiti itapinduka na wewe. Nyonga yako."

Yule dada wa jaketi jekundu nilimwona kwa kona ya jicho, yuko mbali, anamtoa mtoto aliyeanguka.

"Wewe hujui hii kitu," mama akasema.

"Sijui."

"Na mbona ulisema unajua?"

"Nilikuwa naogopa."

"Uliogopa nini? Barafu ilikuwa huku na sisi tulikuwa kwa hoteli."

Hapo ndipo niliposikia kwamba sina mahali pengine pa kwenda. Mbele hakuna, nyuma hakuna, siwezi hata kuinuka nikaenda kunawa mikono. Nikaongea na mkoba, kwa sababu uso wake sikuweza kuuangalia.

"Mama, niko na mtoto. Yuko Nanyuki na mama yake. Ako na miaka minne. Wambui anajua, ni mimi nilikataa kukuambia. Niliogopa utatufukuza."

Nilihesabu nyimbo, kwa sababu moja iliisha na nyingine ikaanza. Nilisikia tumbo lake likipanda na kushuka kwa pumzi, na nikajiambia huyu mama sasa anatafuta maneno ya kunirudisha langoni, na hata lango lenyewe siwezi kulifikia kwa miguu yangu.

"Wewe hulipa shule yake?"

"Kila muhula, mama. Na kila mwezi huenda kumwona."

"Anaitwa nani?"

"Nyambura."

"Nyambura ni nani kwenu?"

"Ni mama yangu."

"Kwa hivyo mama yako ashazaliwa," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa sauti ya mtu yuko sokoni ameona bei anayoitaka. "Ashapata jina yake. Basi msichana wa kwanza wa Wambui ataitwa Wanjiru. Mimi. Sitangoja wa pili."

Mnaelewa alichoomba. Kwetu msichana wa kwanza wa kila nyumba hupewa jina la mama ya baba, ndiko kuzaliwa kwake tena, na wa pili ndiye hupewa la mama ya mama, hilo halijadiliwi, hata wanaogombana kwa kila kitu hawagombani kwa hilo. Lakini mtu aliyepiga magoti kwenye barafu hana sauti ya kujadili mila. Nikasema sawa, mama.

"Na wewe ndiye utamwambia mama yako. Si mimi, si Wambui."

Nikasema sawa kwa mara ya pili, na hapo akanipigapiga kichwani mara mbili kwa kiganja, kama mtu anayetuliza ng'ombe wakati wa kukamuliwa, na hiyo ndiyo sehemu watu wote wanaipenda kwenye video. Dada wa jaketi jekundu akafika, akatusukuma wote wawili pamoja mpaka pembeni, mimi bado nimekumbatia. Wambui alikuwa analia, sikujua kama ni kwa aibu au kicheko. Mama akainuka, akanyoosha koti, akamwambia Mama Njoki kwa utulivu kabisa kwamba mkwe alikuwa anaomba msamaha na amesamehewa. Tangu siku hiyo akinisalimia hunyoosha mkono mrefu, hatua mbili kutoka kwangu, kufidia umbali uliopotea.

Ruracio ilifanyika, Nyambura mdogo ameshaenda Gakindu mara mbili, na mambo yangetosha kuishia hapo. Lakini Wambui sasa ana mimba ya miezi saba, na daktari amesema ni msichana. Mama yangu alipopata habari alinunua uzi wa rangi ya maziwa siku hiyo hiyo, anafuma sweta, na juzi alinionyesha kifuani ameshaweka herufi N, ya Nyambura. Nilisema ni nzuri. Nilikunywa chai yangu nikarudi Timau, na nilipokuwa njiani magoti yaliniuma kama nimeyapiga tena kwenye barafu.

Nimeapa sikanyagi tena barafu, na nimeapa sitadai tena kujua nisichokijua, viapo hivyo viwili ni rahisi. Cha tatu ndicho kinanikosesha usingizi. Jumapili baada ya kanisa naenda kwa mama yangu kumwambia habari ya jina, kabla chai haijaletwa. Nawasimulia nyinyi kwanza makusudi, maana wengi wenu mnamjua mama yangu na mnaongea naye, na mkishajua wote sitakuwa na mahali pa kukimbilia.