Farumi wa Baba Warda

Biasha wa Mwabungo, yule wa viazi karai, hadanganyiki. Mteja akisema hakuwekewa ukwaju, Biasha humtazama kwanza midomo kama imelowa. Sasa mtu kama huyo, mumewe amfiche kitu? Thubutu!

Ilianzia kwenye simu. Mumewe Chirau, nahodha wa mashua ya tanga inayotembeza wageni pale Galu, alikuwa uani anaongea na rafikiye Sefu aliyehamia Lamu. Biasha yuko jikoni anakoroga unga, lakini masikio yote yako uani.

"Kazi naitaka, Sefu, wallahi. Lakini bila Farumi siendi popote. N'tapinduka!"

Mwiko ukasimama. Farumi ndiye nani? Biasha ni mtoto wa Kikoneni, kwao ni mihogo na michungwa, lakini wanawake wa Mwabungo anawajua wote, na kanga zao. Farumi hayumo. Basi atakuwa wa hotelini.

Tangu hapo kila kitu kikawa ushahidi. Chirau akijipaka mafuta, ya Farumi hayo. Akichekea simu, Farumi. Akisifia mchuzi, ndiyo kabisa, mtu hasifii mchuzi bure! Biasha akakunja kanga zake kimyakimya. Ikithibitika tu, anamshika bintiye Warda, anarudi kwa mamake.

Ijumaa Chirau akaingia kuoga aende msikitini, simu akaiacha kitandani. Mchoro wa kuifungua Biasha alishaukariri zamani. Akashuka mpaka F.

Uuuwi! Farumi, na kopa mbili nyekundu ubavuni. Kapigiwa jana asubuhi, mchana, jioni.

"Kumbe kila akinipigia miye, anampigia na yeye! Hana hata haya."

Akabonyeza. Leo watajuana.

Kiunoni, ndani ya kanga, kitu kikatetemeka. Simu yake mwenyewe. Baba Warda anapiga.

"Baba Warda! Farumi ni nani?"

Chirau akatoka na povu sikioni. "Si wewe?"

"Miye naitwa Biasha!"

"Si jina, mama. Farumi ni ule mzigo tunaoweka chini ya chombo. Upepo ukilivuta tanga huku, farumi inavuta kwake, chombo hakilali. Na miye kichwa changu unakijua, leo Lamu, kesho Oman. Bila wewe ningeshapinduka. Nimemwambia Sefu, twende sote ama siendi."

Biasha akakaa kitandani. Moyo ukashuka, karibu acheke. Halafu jicho likarudi upande.

"Huo mzigo mnaweka kitu gani?"

Chirau akajifuta povu polepole. "Aa... mawe. Na mchanga, kwenye gunia."

"Gunia."

"Gunia zuri, mke wangu."

Akamsimamia palepale mpaka akaandika Biasha. Kopa akaziacha. Adhana inalia, Chirau anatafuta kofia, Biasha bado anayo simu, kapandisha mpaka A.

"Na huyu Alfani, naye ni mzigo wa wapi?"