Mchoro wa River Road na Mgongo wa Mama

Nilipokuwa na miaka ishirini na saba nilijiona bingwa wa kila kitu kilichoandikwa kwenye karatasi. Nilikuwa mpangaji wa kurasa katika kiwanda kidogo cha uchapaji pale River Road, orofa ya pili, juu ya duka la misumari na mabati. Kadi za harusi, mabango ya krusedi za injili, programu za mazishi, vyote vilipitia kwenye kompyuta yangu, na makosa ya wateja niliyasahihisha bila kuombwa. Kwa hiyo sista, muuguzi wa kliniki moja ya Hurlingham, alipotuletea kazi yake, sikumuuliza swali hata moja. Kuuliza si ujinga, lakini mimi nilikuwa na kiburi.

Alituachia mchoro wa penseli na orodha ya maneno. Mchoro ulionyesha sehemu za uzazi za mwanamke, nje na ndani, nao ulikuwa wa kutengenezea bango la kubandika ukutani pale kliniki. Kazi yangu ilikuwa kuchora mishale na kuweka kila neno mahali pake. Bosi wetu, mzee wa kanisa mwenye heshima zake, aliutupia jicho mara moja akaugeuza kifudifudi mezani.

"Hii utafanya wewe," akaniambia huku akiangalia dirisha. "Mimi sijaona kitu."

Niliifanya haraka, kama mtu anayeoga maji baridi. Wanaume wawili wa mashine walikuwa wakipitapita nyuma yangu na haya zilikuwa zimenijaa hadi masikioni. Kwenye tundu moja nikaelekeza mishale miwili, wa mkojo na wa uke, kwa kuwa nilikuwa na hakika kwamba vyote hupita hapo. Neno kisimi sikulijua kabisa. Nilidhani ni mshipa fulani, nikaupeleka mshale wake ndani kabisa, jirani na kizazi. Nikachapa nakala ya majaribio, nikajipongeza.

Sista alipokuja kuikagua aliisoma hadi mwisho, akavua miwani.

"Madam, uko na miaka ngapi?"

"Ishirini na saba."

"Na hizo miaka zote umekuwa ukikojoa wapi?"

Wanaume wa mashine wakapatwa na kikohozi. Nilitamani sakafu ipasuke niangukie kwenye misumari ya duka la chini. Lakini sista hakuwa na nia ya kunicheka. Alivuta stuli, akachukua penseli yangu, akaanza kunifundisha pale pale, kwa sauti yake ya kawaida, kama mtu anayemwelekeza mgeni kwenye steji ya matatu.

Hapa nje, alisema, kuna mashavu makubwa, na ndani yake madogo. Kila mwanamke ana yake, marefu au mafupi, sawa au si sawa, kama pua zilivyo tofauti, na hakuna ugonjwa wowote hapo. Juu, madogo yanapokutana, ndipo kilipo kisimi. "Hiyo kazi yake ni raha. Mungu hakukosea." Chini yake kuna tundu dogo la mkojo. Chini ya hilo, uke. Nyuma zaidi, njia ya haja kubwa.

"Tatu," akasema, akigonga karatasi kwa penseli. "Si mbili. Tatu."

Kisha akaingia ndani. Uke unapanda hadi kwenye shingo ya kizazi, na kizazi chenyewe ni kidogo, kama peasi lililopinduliwa. Hakielei. Kimeshikiliwa na misuli na kano.

"Mama akizaa sana, abebe mizigo kila siku, hizo vitu zinalegea," akasema. "Kizazi inashuka, ingine mpaka inatokea nje. Na wakija kliniki, wanasema nini? Wanasema ni mgongo."

Penseli yake iliendelea kusogea, lakini mimi sikuwa nikiitazama tena. Nilikuwa nikimfikiria mama yangu.

Mama aliishi nami Kangemi, na kila asubuhi alitembea kwenda Kitisuru, kwenye nyumba ya watu aliokuwa akiwafulia na kuwapikia. Kwa miaka mingi alikuwa akilalamikia mgongo. Kila zahanati ilimpa vidonge vya mgongo, naye alivimeza kwa imani. Mwaka ule mambo yalikuwa yamezidi. Akifua karai moja ilimbidi aketi, na mwenye nyumba alikuwa ameanza kuulizia mtu mwingine mwenye nguvu. Mama aliipenda kazi ile, na aliogopa zaidi siku atakayokaa nyumbani bila kutoka.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, nilimkuta akimenya viazi. Nikatandaza nakala iliyosahihishwa karibu na sufuria, nikaanza kujisifu juu ya mishale yangu.

"Toa hiyo uchafu kwa meza ya chakula," akasema.

Sikuitoa. Nikamsomea maneno yote kwa sauti, moja baada ya jingine, na kila neno lilinitoka kama mwiba. Yeye alimenya kiazi kimoja mpaka kikabaki kama gololi.

Kwetu mambo haya mama hazungumzi na bintiye. Ni kazi ya shangazi, na shangazi zangu wote walikuwa wameshazikwa. Lakini kwetu pia binti wa pili hupewa jina la mama yake mama, na mimi ndiye wa pili. Mama akifurahi huniita maitu, yaani mama yangu, na hunitania kwamba nimerudi kumsumbua. Nikaona huo ndio mlango pekee uliobaki wazi.

"Leo mimi si mtoto wako," nikamwambia. "Mimi ni mama yako, na wewe mwenyewe ndiye huniita hivyo. Sasa niambie venye ungemwambia yeye."

Alicheka kwanza, kile kicheko chake cha puani. Halafu kicheko kikaisha. Akafuta mikono kwenye leso, akaweka kidole juu ya kizazi kwenye mchoro, akakivuta polepole kushuka chini, kupitia uke, hadi nje kabisa ya mstari.

"Maitu, iko hapa," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu nizae huyo ndugu yako wa mwisho."

Ndugu yangu alikuwa na miaka kumi na sita. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mama yangu alizaa sita na bado akauficha. Nililia kwa hasira. Si kwake. Nilijikasirikia mimi, msomi wa nyumba, niliyempaka dawa ya kuchua miaka yote hiyo, mahali pasipouma.

Jumatano tukaenda Hurlingham. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu, na kwa adabu yake akanigeukia mimi.

"Mama ana shida gani?"

Nilifungua mdomo. Mama akaweka mkono juu ya goti langu.

"Uliza mimi," akasema. "Daktari, kizazi yangu imeshuka. Inapitia kwa uke inatokea nje, sana sana nikiinua karai. Mkojo pia inanisumbua, lakini hiyo ni tundu ingine."

Aliyasema kwa sauti ya kuagiza nyama buchani. Mlango ulikuwa haujafungwa vizuri, na waliokaa kwenye benchi la nje wakageuza shingo. Nimewahi kufurahi maishani, lakini sijui kama nimewahi kufurahi vile.

Daktari alimpima, kisha sista akamwekea pete ya mpira ya kukishikilia kizazi mahali pake, akamweleza namna ya kuitunza na siku ya kurudi. Mama akasimama. Akachuchumaa, akasimama tena, akachuchumaa mara ya pili, akiusikiliza mwili wake kwa makini. Kisha akafungua mkoba, akatoa pakiti tatu za vidonge, akazipanga kwenye meza ya daktari.

"Hizi mpatie mwenye anaumwa," akasema. "Mgongo yangu ni mzima."